Mchi wa Pili

Sauti ya Mama Gise niliizoea kabla sijazoea kumtazama usoni. Ua wetu wa Rubondo na ua wake unatenganishwa na mstari mmoja wa mihogo, na kila alasiri, jua likiwa bado kali, mchi wake huanza: tu, tu, tu. Anatwanga sombe ya kuuza. Majani ya muhogo hayataki hasira. Ukiyapiga kwa nguvu yanaruka nje ya kinu, ukiyapiga kwa uvivu yanabaki na nyuzi. Yeye aliipata njia yake ya kukaa katikati. Alisimulia. Mchi ukipanda anasema, mchi ukishuka ananyamaza, na hadithi inakwenda kwa mwendo huo mpaka majani yalainike.

Jina lake la ubatizo ni Pélagie. Alitoka Fizi, Kivu Kusini, na alikuwa ameshazeeka katika Nakivale, makazi ya wakimbizi ya Uganda ambayo Rubondo ni mtaa wake, wakati sisi tulipofika kutoka Burundi na magodoro yetu kichwani. Lakini hakuna anayemwita Pélagie. Ni Mama Gise kwa kila mtu, pamoja na sisi ambao hatukuwahi kumwona huyo Gise.

Gisèle alimpotea bandarini Baraka, siku watu walipokimbia kutoka milimani wote kwa pamoja wakafika ziwani wote kwa pamoja. Alikuwa mtoto wa meno ya mbele yaliyong'oka. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mama, kisha mkono alioushika mama ulikuwa wa mtu mwingine, mwanamume asiyemjua, ambaye naye alikuwa akitafuta wake. Boti ziliondoka, nyingine kusini, nyingine ng'ambo. Baadaye, kambini Tanzania, watu walisema boti moja haikufika. Ni ipi, hakuna aliyeweza kumwambia.

Mimi nilikuwa msikilizaji wake mzuri kwa sababu sikuwa na maneno. Aliniita juu ya mihogo, "Doriane! Doriane!", nikaenda, nikakaa kwenye kigoda, nikachambua majani. Kwetu sote pale, Wakongomani na Warundi, mtu haitiki mwito wa kwanza kama hamwoni anayemwita. Mzimu huita mara moja. Hana pumzi ya kurudia. Mtu hai akikutaka, atarudia. Nilikua na sheria hiyo kama nilivyokua na sheria ya kutopita na maji mbele ya mgeni, na nilipoingia chuo Mbarara wenzangu walinicheka kwa sababu mhadhiri aliita jina langu nikamwangalia tu, kwa mazoea, ingawa nilimwona, mpaka alipoita tena.

Mhadhiri huyo alikuwa Dokta Yudita.

Ni Mnyankore, nyumba yake iko Nyamitanga ng'ambo ya mto Rwizi, anafundisha fasihi. Wenzake humwita Profesa wa WhatsApp, na si kwa kumsifu. Wao wanasoma riwaya. Yeye anasoma mashairi ambayo watu huandika Facebook wakiwa kwenye foleni ya maji, hadithi za sauti zinazotumwa kutoka simu hadi simu, na hasa yale yanayoandikwa chini yake. Alituambia darasani kwamba kitabu kilimfundisha Mwafrika kusikiliza kimya, na simu imemrudishia ruhusa ya kuitikia. Ukitaka kujua hadithi inaishi au imekufa, alisema, usiitazame yenyewe. Tazama nani anaijibu.

Alinichukua kuwa msaidizi wake kwa ajili ya Kiswahili cha Rubondo. Chake alikipata kwa askari na wenye malori, na alikitumia bila aibu.

"Hii mama nasema kama redio," alisema nilipomletea kipande cha Mama Gise nilichorekodi kwa simu yangu. "Mimi nataka yeye. Lakini wapi mtu ya kumujibu? Mimi sikii mtu."

"Ndiyo hadithi yenyewe, Dokta. Haijibiwi."

Tulikwenda Rubondo naye. Astère, anayechaji simu za watu karibu na kisima na ambaye ndiye msimamizi wa kikundi cha hadithi cha WhatsApp, alitutangulia akijipa cheo cha katibu. Mama Gise alifuta kiti, akamkalisha Dokta, kisha akauliza lile alilotaka kujua kabla ya kingine chochote.

"Sauti yangu mutaiweka fasi gani?"

"Kwa intaneti, mama. Watu ya kila pahali watasikia."

"Hata kule ku ziwa?"

"Hata huko, kama mtu iko na simu."

Mama Gise akakivuta kinu chake karibu. "Basi nitasema. Lakini jibu sitatoa. Jibu ni ya mutoto wangu."

Akaeleza. Nyumba yao ya Fizi haikuwa na mlango. Baba yake Gise alikufa kabla hajaununua ubao, wakatundika gunia. Kila jioni mama akirudi kutoka shambani alimwita mtoto kutoka njiani, na mtoto akajibu maneno fulani, maneno ya kitoto aliyoyatunga mwenyewe, ya kumchekesha mama. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeyajua. Hadithi aliyokuwa akiisimulia Rubondo miaka yote hiyo ilikuwa mtego wa kumnasa mtu mmoja. Gise akiisikia, atajibu. Mwingine akijibu, atakosea.

"Lakini mutu mumoja lazima ajue," alisema, "nikikufa mimi." Akanivuta sikio akaninong'oneza. Astère akalalamika kwamba yeye ndiye katibu.

"Weye?" Mama Gise akacheka. "Weye siri yako inafika Ngarama mbele ya jua. Huyu hata salamu inamutoka kwa shida."

Kisha akashika mchi, na Dokta akawasha mashine ya kurekodi.

Kulikuwa na mama na mtoto, alisema, na nyumba isiyokuwa na mlango. Jioni mama akirudi, anasimama njiani, anaita: Gise! Gise! Nani iko ku mulango? Mtoto anajibu, na mama anajua ndani hamna kibaya, anaingia. Basi siku moja mtoto alikuwa nje, amekaa, anaangalia njia. Jua limeshuka. Njia haina mtu. Akasikia mama anaita: Gise! Gise! Nani iko ku mulango?

Sauti haikutoka njiani. Ilitoka ndani ya nyumba.

Hapo ndipo alipoachia. Mchi ukaendelea peke yake, tu, tu, tu, mpaka sombe ikawa tayari. Wanawake wa jirani waliokuwa wamesimama kwenye mihogo hawakusema neno. Wameshazoea kwamba kimya kile kina mwenyewe. Dokta Yudita aliinama kwangu. "Sasa inaisha namna gani?"

"Mutoto akijibu, nami nitajua," alisema Mama Gise, ambaye masikio yake ni mazuri.

Kazi ya kuandika sauti ile niliifanya Nyamitanga, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Dokta, mchana, kengele za kanisa zikipiga na wanafunzi wakipita barabarani. Kanuni yake ilikuwa kwamba tuna nakala mbili. Ya kwanza ni ghafi, sauti kama ilivyo, na kutoka humo mimi naandika kila ninachosikia, hata kuku, hata kikohozi. Ya pili ni safi, ya kuwekwa kwenye tovuti: Emery, fundi wa studio ya chuo, anaondoa vikohozi, vigugumizi na marudio, ili mtu wa Nairobi au wa Ulaya asichoke.

Nilivaa hedifoni nikaanza na ile ghafi. Niliandika: mchi. Nikaandika maneno. Nikaandika: mchi. Kisha mkono wangu ukasimama.

Michi ilikuwa miwili.

Kila mtu aliyekulia uani anajua mlio wa wanawake wawili kwenye kinu kimoja. Mmoja anapandisha, mwingine anashusha, na hawagongani kwa sababu kila mmoja anaishi katika nafasi ya mwenzake. Mchi wa Mama Gise ulikuwa mzito. Katika nafasi kati ya pigo lake na pigo lake kulikuwa na pigo jingine, jepesi, la mti mdogo. Halikuchelewa wala kuwahi. Aliponyamaza baada ya mwito wake, lile jepesi lilisikika zaidi, kama mtu anayesogea karibu.

Nilimpelekea Emery.

"Mwangwi," alisema.

"Mwangwi wa nini? Ua hauna ukuta."

"Basi kuku."

"Kuku anatwanga?"

"Dada, kuku wa wakimbizi wanajua mengi." Akarudi kwenye mashine yake.

Nilimwuliza Mama Gise mwenyewe Jumamosi ile niliporudi nyumbani. Nilimwuliza vibaya, kwa ghafla, kama watu waoga wanavyouliza. Nani alikuwa anatwanga nawe siku ile?

Aliuegemeza mchi kinuni taratibu sana.

"Umesikia?"

"Ndiyo."

"Mimi nilizani ni masikio yangu. Nilizani ni uzee." Alikaa chini. Akaniambia kwamba Gise alikuwa na mchi wake mdogo, baba yake aliuchonga kwa mti wa mpera kabla hajafa, na mtoto alikuwa akipiga katikati ya mapigo ya mama bila kukosea hata alipokuwa hajui kuhesabu. Mchi ule ulibaki Fizi. Mlio wake ulianza tena hapa Rubondo, hakumbuki ni msimu gani. Hausikiki kila siku. Unasikika anaposimulia.

"Akinitwangia mutu nisiyemuona," alisema, "mimi nitafikiri nini? Nitafikiri ile boti." Aliyafunga macho. "Ndiyo maana naita kwa nguvu. Mutoto akijibu kwa simu, niko na mutoto. Asipojibu, basi iko hapa, ku kinu, na nimeshamupata bila kujua. Usimwambie Dokta. Akiandika itakuwa kweli."

Katika maandishi ya nakala ghafi niliandika: mchi.

Hadithi safi iliwekwa kwenye tovuti ya Dokta, na Astère akaisambaza kila mahali kikundi chake kinapofika, na kikundi chake kinafika mbali kuliko magari ya chakula. Majibu yakaja kama mvua. Nani iko ku mulango? "Ni mimi, na nimeleta ndizi." "Ni shetani, ana risiti." Mwanamume mmoja wa Mbarara aliandika kwa Kiswahili cha kwao, "Ni landilodi, toka na pesa yangu." Astère akatunga jibu jipya kila asubuhi, yote ya upuuzi. Wengine hawakutania. Mwanamke wa Goma aliandika kwamba amesikiliza akiwa jikoni na amekwenda kufunga mlango. Mimi niliyasoma yote nikitafuta maneno niliyonong'onezwa. Hayakuwemo.

Kisha akatokea mtu asiye na picha. Jina lake kwenye ukurasa lilikuwa nukta tu. Aliandika: "Muliita mara moja."

Hakuna zaidi. Siku iliyofuata, chini ya nakala nyingine ya hadithi ileile, Facebook: "Muliita mara moja." Kisha kwenye kikundi ambacho hata Astère hakukijua. Kila mahali sauti ya Mama Gise ilipofika, nukta ile ilikuwa imekwisha kupita.

"Mwalimu wa hesabu ameamka," Astère alimjibu. "Ukitaka mara mbili, bonyeza tena!"

Nukta ikajibu: "Kubonyeza si kuita."

Watu waliacha kutania kwa muda. Dokta Yudita alifurahi mno. Alikuwa anaandika makala juu ya wasikilizaji wa mtandaoni, na hapa alikuwa amepata mmoja anayeishika hadithi kooni. "Hii mtu ni mhakiki," aliniambia. "Anasema hadithi inakosa kitu. Kitu gani? Wewe tafuta." Nilimwandikia yule mtu kwa adabu. Hakujibu. Sikuweza kuyaweka maneno yale katika makala yoyote, kwa sababu yalikuwa kama maneno ya mtu aliyesimama kizani akimwona mwingine aliye kizani pia.

Niliyaelewa nikiwa nyumbani, nimekaa ndani na mama yangu, tunachagua mawe kwenye maharage. Upepo ulikuwa mkali. Nje kukatoka sauti: "Doriane!"

Mama aliinua macho, akaninyooshea kidole: kaa. Tukakaa. Maharage yaliacha kulia kwenye ungo. Upepo ukapita, ukameza kitu, ukatulia.

"Doriane!"

"Karame!" niliitika kwa Kirundi, nikatoka. Ni Mama Gise, juu ya mihogo, ananitaka nimshikie ungo. Nilisimama pale nikamwangalia kama mjinga. Sikumwambia kitu. Nilichukua simu, nikafungua tovuti, nikaiweka sikioni.

Gise! Nani iko ku mulango?

Mara moja. Emery alikuwa ameondoa marudio, kama alivyoagizwa. Jina la mtoto lilikuwa likitoka kwenye simu za watu wa nchi ngapi sijui, mara moja tu, kwa sauti ya mama isiyo na uso.

Nilimsikilizisha zote mbili, safi na ghafi, yeye akiwa ameshika ungo. Ilimchukua muda mfupi kuliko mimi.

"Sheria hii mimi ndiye nilimufundisha," alisema. "Hapa, ku goti langu. Nilimwambia, sauti ikikuita mara moja, hata ikiwa yangu, usijibu. Hasa ikiwa yangu." Nikadhani analia, kumbe alikuwa anacheka na kulia vyote pamoja. "Mutoto ananiogopa! Mimi namuogopa yeye, yeye ananiogopa mimi. Tumezikana wote wawili, na hakuna aliyekufa."

Kisha akaacha kucheka. "Kama ni yeye."

Dokta Yudita alisikiliza nakala mbili hizo ofisini kwake, moja baada ya nyingine, makala yake ikiwa imekamilika mezani. Nilimweleza kuhusu mwito wa kwanza. Nilisema sentensi nyingi kuliko nilizowahi kumwambia kwa mwaka. Sikumwambia kuhusu mchi. Aliuliza kama darasani pia ndiyo sababu nilikuwa nikimtazama tu. Nikasema ndiyo. Akaivuta makala, akaigeuza uso chini.

"Mwambie Emery arudishe," alisema. "Yote. Hata kuku."

Nakala ghafi ilipanda. Baadhi ya watu walilalamika kwamba hadithi imekuwa ndefu na ina kelele. Nukta ilikaa kimya, na Mama Gise akaacha kula vizuri. Alitwanga bila kusimulia. Nilipomuuliza kama ule mlio mwingine upo alisema hataki kusikiliza.

Ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu ya mradi asubuhi moja nikiwa chuoni. Nilisikiliza mwanzo wake, nikaelewa ni nini, nikazima. Haukuwa wangu. Dokta alichukua funguo za gari, tukaondoka Mbarara, tukaendesha mpaka ziwa la Nakivale lilipoonekana.

Mama Gise alinawa mikono kwanza, kama mtu anayekwenda kupokea sakramenti. Kisha akaishika simu.

Kulikuwa na pumzi. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, kavu, ya mtu anayekanyaga daraja bovu:

"Niko. Mulango ndiyo haiko."

Leo naweza kuyaandika maneno hayo kwa sababu kazi yake imekwisha. Mama Gise hakupiga kelele. Aliinua kidole ili tusipumue, maana ujumbe haukuwa umefika mwisho. Nyuma ya mwanamke kulikuwa na sauti ya mtoto, mtoto wa meno yaliyong'oka, unasikia hewa inavyopita:

"Mama, unajibu nani?"

"Nyamaza kwanza, Pélagie."

Mama Gise alinitazama. Kwao, kama kwetu, mtoto hupewa jina la bibi aliyekufa.

"Amenifanya marehemu," alisema. "Marehemu mwenye sombe ku moto."

Tulipiga. Namba ilikuwa ya Kalemie, huko kusini, kando ya ziwa lilelile la Baraka. Boti ya Gise ilikuwa imekwenda kusini na ilifika. Mwanamke wa kanisa alimlea. Aliambiwa wote waliobaki bandarini Baraka waliuawa. Alipoisikia hadithi mara ya kwanza, ilitoka kwenye simu ya jirani, mchana, akafunga dirisha. Kwa wiki nzima hakumruhusu mtoto kutoka. Lakini hakuweza kuiacha. Alikuwa akiifuata kila mahali, akingoja mara ya pili.

Walisema mengi ambayo si yangu kuyaandika. Astère alikimbia kuwaita watu, wakaja, wakaimba, mtu akaleta soda. Karibu na mwisho, kabla chaji haijaisha, Mama Gise aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mama yeyote anayeuliza habari za jikoni:

"Na weye, bado unatwanga?"

"Hapana, Mama. Huku tunapeleka ku mashine. Hata kinu sina. Tangu siku ile sijashika muchi."

"Sawa," alisema Mama Gise. "Sawa, mwanangu."

Watu walipotawanyika alirudi kinuni, kwa sababu majani yaliyochumwa asubuhi hayangojei furaha ya mtu. Mimi nilikaa kwenye kigoda. Dokta Yudita aliwasha mashine yake, akamwomba aisimulie tena hadithi, sasa na mwisho wake. Mama Gise akaanza. Mtoto alikuwa nje, anaangalia njia. Mchi ukapanda, ukashuka. Tu.

Na katika nafasi yake, jepesi, la mti mdogo: tu.

Dokta alilisikia. Niliona alivyoitazama mashine, kisha kinu, kisha mikono ya Mama Gise, ambayo ni miwili tu na yote ilikuwa juu ya mchi mmoja. Jua lilikuwa kali. Vivuli vyetu vilikuwa vitatu, vimejikunja chini ya miguu.

Mama Gise hakuacha kutwanga. Alisogea kidogo, upande mmoja wa kinu, kama mtu anavyompisha mwenzake. Dokta Yudita akafungua mdomo.

"Musimuite," alisema Mama Gise polepole, bila kukosa pigo. "Hata mara mbili."